Ukurasa wa Bwana Shamba: Swichi za Land Rover Kuukuu

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mibuni wala migomba. Tunazungumza juu ya gari linalobeba kahawa na ndizi zako.

Hapa Songambele, wilaya ya Kyerwa, Land Rover za zamani bado zinafanya kazi. Nyingine zilitengenezwa kabla wilaya yetu haijazaliwa. Maana sote tulikuwa Karagwe mpaka mwaka 2012. Gari hili lilianza kuonyeshwa kwa watu mwaka 1948. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, na aina ya tatu mwaka 1971. Aina hiyo ya tatu iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo Land Rover ya aina ya tatu iliyo changa kabisa sasa ina miaka arobaini hivi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 magari haya yalikusanyika kwa wingi mjini Arusha, na watu walitoka mbali kuja kuyatazama. Huko yalikuwa ya kutazamwa. Kwetu ni ya kubeba magunia.

Wakulima kadhaa wameniuliza swali moja. Taa za gari zinawaka na kuzimika zenyewe. Fundi amesema swichi imekufa. Je, itengenezwe au inunuliwe mpya? Wengine wamejibiwa vibaya zaidi. Wameambiwa swichi itupwe, waya ziungwe moja kwa moja, na gari liendelee na safari.

Jambo hili la kuunga moja kwa moja nalikataa tangu mwanzo. Waya isiyo na swichi haizimiki. Ukitaka kuizima, unaivuta kwa mkono, na cheche inaruka. Chini ya dashibodi kuna vumbi, mafuta na matambara. Nyuma kuna magunia makavu na watu waliokaa juu yake. Gari likishika moto mlimani, hakuna mto karibu. Kahawa ya mwaka mzima inakwisha kwa dakika chache, na huenda watu nao.

Sasa tuanze kazi. Kwanza tujue swichi ni nini. Swichi ni daraja. Ndani yake kuna ndimi za shaba. Ukiiwasha, ndimi hizo zinagusana na umeme unapita. Ukiizima, zinaachana na umeme unasimama. Hakuna uchawi mwingine humo ndani. Swichi inakufa kwa sababu chache tu. Ndimi zimeshika weusi na uchafu. Au springi imelegea, kwa hiyo ndimi hazibanani. Au miguu ya nyuma, pale waya zinaposhikwa, imelegea au imeoza. Au joto limeyeyusha mwili wake.

Swichi nyingi za Land Rover za zamani zilitengenezwa na kampuni ya Lucas ya Uingereza. Zilikuwa nzito, na nyingi zinaweza kufunguliwa. Hiyo ndiyo sababu nasema usikimbilie kuitupa swichi ya asili. Swichi nyingi za bei nafuu za siku hizi ni plastiki iliyozibwa. Ikifa imekufa. Ile ya asili ikisafishwa vizuri inaweza kukutumikia miaka mingine mingi.

Lakini kabla ya kuilaumu swichi, pima. Watu wengi hapa wamenunua swichi, kumbe ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Tazama balbu kwanza. Tazama fyuzi. Kisha tazama ethi, yaani mahali umeme unapogusa mwili wa gari ili urudi kwenye betri. Mwili wa Land Rover ni alumini kwa sehemu kubwa, lakini chesisi ni chuma. Alumini na chuma vikikutana penye unyevu, alumini huliwa na kufanya unga mweupe. Unga huo hauruhusu umeme kupita. Basi taa inafifia, nawe unaishtaki swichi ambayo haina kosa. Fungua bolti ya ethi, kwangua mpaka uone chuma king'aacho, kaza tena, kisha paka grisi kidogo kwa juu ili maji yasiingie.

Ili kupima, tengeneza taa ya kupimia. Chukua balbu ndogo ya gari na uiunge waya mbili. Waya moja ishike kwenye chuma safi cha gari. Waya ya pili gusa mguu wa swichi ambapo umeme unaingia. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Sasa washa swichi na gusa mguu ambapo umeme unatoka. Ikiwaka hapa pia, swichi inapitisha. Isipowaka, swichi ni mgonjwa.

Hapa pana mtego, msomaji. Balbu ndogo inatumia umeme kidogo sana. Inaweza kuwaka hata kama ndimi za swichi zinagusana kwa ncha tu, lakini taa kubwa zikidai umeme mwingi, swichi inashindwa. Kwa hiyo mwenye mita ya volti afanye hivi. Awashe taa kubwa. Kisha aweke ncha moja ya mita kwenye mguu wa kuingilia na ncha ya pili kwenye mguu wa kutokea. Swichi nzuri itaonyesha nusu volti au chini yake. Ikionyesha volti moja au mbili, umeme unapotea humo ndani na kugeuka joto. Asiye na mita atumie kidole. Washa taa kwa dakika tano, kisha gusa nyuma ya swichi. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma, kuna hatari.

Njia ya kujua waya ipi inakwenda wapi ni rangi. Waingereza walikuwa na utaratibu mmoja wa rangi kwa magari yao mengi. Waya ya kahawia inaleta umeme moja kwa moja kutoka betri, na mara nyingi haina fyuzi. Hiyo iogope. Nyeupe inatoka kwenye swichi ya ufunguo. Ya kijani imepita kwenye fyuzi na ina umeme ufunguo ukiwa wazi. Ya zambarau ina fyuzi lakini ina umeme wakati wote, kwa mfano ya honi. Nyekundu ni ya taa ndogo na taa za nyuma. Ya buluu ni ya taa kubwa: buluu yenye mstari mweupe ni ya taa ndefu, na buluu yenye mstari mwekundu ni ya taa za chini. Nyeusi ni ya ethi. Lakini gari la miaka arobaini limepita mikononi mwa mafundi wengi. Ukikuta waya ya njano ya nyumbani imeungwa humo kwa utepe, usiamini rangi. Fuata waya kwa mkono mpaka mwisho wake.

Sasa betri. Kabla ya kufungua chochote, toa waya wa betri ule unaoshika mwili wa gari. Uwe wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Kwa nini huo kwanza? Kwa sababu spana yako ikigusa mwili wa gari wakati unaufungua, hakuna kitu kitakachotokea. Lakini ukianza na ule mwingine, na spana ikagusa bodi, cheche kubwa itaruka, na betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Jambo jingine la kuangalia: magari mengi ya Kiingereza mpaka katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa betri kinyume. Upande wa alama ya kujumlisha ndio ulioshika bodi. Usidhani. Tazama alama kwenye betri, ufuate waya.

Andika mahali kila waya inapokaa kabla ya kuitoa. Wewe unayesoma gazeti hili unajua kuandika, basi tumia faida hiyo. Funga kipande cha karatasi kwenye kila waya, uandike namba, na namba ileile uichore kwenye daftari pamoja na picha ya nyuma ya swichi. Nimeona mafundi wenye ujuzi mkubwa wakikaa siku nzima kwa sababu waya sita zilitoka bila alama.

Swichi ya taa ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote. Katika Land Rover kadhaa za miaka ya 1960 ilikuwa kifaa kimoja na swichi ya ufunguo: ufunguo katikati, mkono wa taa pembeni yake. Ikifa, gari lote linakufa. Baadaye vilitenganishwa. Katika magari hayo ya zamani umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi hii, kisha ndani ya swichi ya kubadili taa, ndipo ufike kwenye balbu. Hakuna msaidizi.

Tufanye hesabu kidogo. Balbu za zamani zilikuwa na wati 45 hivi kila moja. Mbili ni wati 90. Gari lina volti 12. Gawanya 90 kwa 12, unapata ampia saba na nusu. Swichi inaziweza hizo. Sasa mwenye gari anataka mwanga mwingi, ananunua balbu za wati 100. Mbili ni wati 200. Gawanya kwa 12, ni karibu ampia 17. Umeme umezidi mara mbili na kidogo, lakini joto kwenye zile ndimi zilizochakaa halizidi mara mbili. Linazidi karibu mara tano. Ndiyo maana swichi iliyovumilia miaka thelathini inayeyuka kwa wiki moja baada ya kufungwa balbu za kisasa. Halafu swichi inalaumiwa!

Ukiitoa, itazame. Kama mwili wake haujapasuka wala kuyeyuka, inafaa kutengenezwa. Nyingi zimebanwa kwa vikucha vidogo vya bati. Vinyanyue polepole kwa bisibisi nyembamba, kila kimoja kidogo kidogo. Ukikikunja mara nyingi kitakatika. Fungua ukiwa umetandika kitambaa cheupe mezani, au ndani ya beseni, kwa maana kuna springi na kigololi kidogo ambavyo hupenda kuruka. Kigololi kikiingia kwenye majani, umepoteza swichi nzima kwa kitu kisichozidi punje ya mtama.

Osha vipande kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Usitumie petroli, hasa ndani ya nyumba au karibu na jiko. Kausha kabisa. Kisha sugua ndimi za shaba kwa msasa laini sana mpaka zing'ae. Sugua kidogo tu, usizimalize. Ukiona shimo lililoliwa na cheche, lisawazishe. Springi iliyolegea ivute kidogo, au badilisha kwa springi ya ukubwa uleule. Paka grisi chembe tu kwenye sehemu zinazozunguka. Usijaze, maana grisi nyingi hushika vumbi letu jekundu na kufanya tope ndani ya swichi. Rudisha vipande, bana vikucha, kisha upime kabla ya kuifunga garini.

Ncha za waya nazo zitazame. Ncha iliyogeuka nyeusi kwa joto ikate, uende mpaka kwenye shaba inayong'aa, ndipo ufunge kichwa kipya. Ukilehemu, lehemu vizuri. Waya ukipungua urefu, ongeza kwa waya wa gari, ule wenye nyuzi nyingi nyembamba. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Barabara zetu zinatikisa, na uzi mmoja ukitikiswa miezi michache hukatika ndani ya mpira wake bila wewe kuona. Kwa taa kubwa tumia waya wa milimita mbili na nusu za mraba.

Kisha nakushauri ufunge rilei. Hii ndiyo dawa ya kuilinda swichi ya asili. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku. Ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 unaungwa na betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 unakwenda kwenye taa. Mguu wa 85 unakwenda kwenye ethi. Mguu wa 86 unapokea waya uliokuwa ukienda kwenye taa kutoka swichi yako ya zamani. Sasa swichi haibebi tena mzigo wa taa kubwa. Inabeba chini ya robo ampia ya kuamsha sumaku. Funga rilei mbili, moja kwa taa ndefu na moja kwa taa za chini, ili moja ikifa ya pili ikufikishe nyumbani. Bei yake si kubwa ukilinganisha na gunia moja la kahawa. Na pale kwenye dashibodi hakuna kilichobadilika. Swichi ni ileile.

Nimetaja fyuzi. Land Rover nyingi za zamani hazikuwa na fyuzi ya taa kubwa kabisa. Zile fyuzi chache zilizopo ni za kioo. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi hukosea. Fyuzi ya kioo ya Kiingereza iliyoandikwa 35 maana yake hukatika ikifika ampia 35. Kazi ya kila wakati inayoivumilia ni ampia 17 hivi tu. Fyuzi za nchi nyingine zikiandikwa 35 hubeba 35 wakati wote. Ukibadilisha moja kwa nyingine, waya utaungua kabla ya fyuzi. Na ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, msomaji, pamoja na msumari na waya wa uzio, si fyuzi.

Swichi ya kubadili taa katika aina ya kwanza na ya pili iko sakafuni, karibu na mguu wa kushoto wa dereva. Mahali hapo hupata matope ya viatu vyote vya Songambele. Ukiikanyaga na taa zote zikazimika kwa nusu sekunde, ni onyo. Fikiri unashuka mlima usiku, umebeba magunia, mbele kuna kona na mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Unakanyaga ili usimpige mwanga machoni. Taa zinazimika na hazirudi. Swichi hii inashikwa na skrubu mbili tu. Itoe, iloweke kwenye mafuta ya taa, ikanyage kwa mkono mara nyingi mpaka uchafu utoke, ikaushe, itie tone la mafuta. Isipopona, hii badilisha. Ni swichi rahisi na huwa nje ya macho, haina haja ya kuihurumia.

Sasa breki. Hapa nitazungumza polepole.

Swichi ya taa za breki katika Land Rover za zamani imefungwa kwenye bomba la mafuta ya breki lenyewe. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukuma ngozi nyembamba iliyo ndani, na ndimi zinagusana. Mengine, hasa ya baadaye, yana swichi ya kawaida iliyo juu ya pedali. Lazima ujue gari lako lina ipi.

Dalili ya ile ya bomba kufa ni hii: taa za nyuma haziwaki mpaka ukanyage kwa nguvu sana. Dereva wa nyuma yako anajua umesimama akiwa tayari amekufikia. Kuipima ni rahisi. Fungua ufunguo, toa zile waya mbili kwenye swichi, moja ya kijani na moja ya kijani yenye mstari wa zambarau, uziguse pamoja. Taa zikiwaka, waya na balbu ni nzima na swichi ndiyo mbovu.

Swichi hii haitengenezwi. Inabadilishwa. Usijaribu kuifungua wala kuiziba kwa gundi. Na ukiitoa, umefungua bomba la breki. Hewa imeingia. Hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Pedali italala chini na gari halitasimama. Kwa hiyo baada ya kufunga swichi mpya ni lazima utoe hewa kwenye breki: mtu mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga nati ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu, hewa itoke mpaka mafuta matupu yaje. Jaza mafuta ya breki yenyewe, mapya, kutoka chupa iliyozibwa. Mafuta ya injini huvimbisha mipira na kuiharibu. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki, usianzie kwenye gari linalobeba watu. Mpe fundi anayeijua kazi, ukae pale ukimtazama. Ukimaliza, jaribu gari mahali tambarare, pasipo watoto, kwa mwendo wa kutembea. Kisha kagua swichi kama inavuja.

Mafundi wengine huziba tundu la bomba kwa bolti na kufunga swichi ya kawaida juu ya pedali. Si kosa, ikiwa tundu limezibwa kwa kizibo chake halisi. Mara nyingine swichi ikifa, hutafungua tena bomba. Mimi naiona njia hiyo kuwa bora, hata kama gari halitakuwa kama lilivyotoka kiwandani. Wapenda magari ya zamani watanung'unika. Wanunge.

Swichi ya ufunguo nayo, ikiwa ufunguo unazunguka ovyo au gari linazimika ukipita kwenye shimo, ibadilishe. Waweza kuisafisha miguu yake na kukaza waya, lakini kufuli lililoliwa halirudi.

Ukienda kununua swichi, chukua ile ya zamani mkononi. Usiende na maneno tu. Nyuma ya swichi ya Lucas kuna namba iliyopigwa mhuri, na mara nyingi namba mbili ndogo za mwezi na mwaka. Ukiona 6 72, ilitengenezwa Juni 1972. Namba kubwa ndiyo ya kumwonyesha mwenye duka. Kabla ya kwenda Bukoba, ulizia kwanza Kayanga na Omurushaka kwenye gereji zenye magari mabovu yaliyolala. Na usisahau matrekta. Trekta za zamani za Massey Ferguson zilifungwa pia swichi za Lucas, na baadhi zinaingia bila kubadilisha kitu. Hakikisha ina miguu mingapi na inafanya kazi gani katika kila hatua. Umbo kufanana hakutoshi.

Kazi ikiisha, usiondoke usiku huohuo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka taa, lakini wewe usipime kwa sababu ya polisi. Pima jioni, gari likiwa limesimama. Mtu mmoja asimame mbele na mwingine nyuma. Washa taa ndogo, kubwa, ndefu, za chini. Kanyaga breki kwa wepesi, kama unavyogusa ukiona mbuzi barabarani. Aliye nyuma aseme kama ameona. Injini iendelee kuzunguka robo saa taa zote zikiwaka, kisha gusa swichi, rilei na kila kiungo ulichofunga. Mahali penye joto kali pafungue tena.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutaendelea na mnyauko wa migomba, na hasa namna ya kusafisha panga kabla ya kuhamia shina jingine.